Wiki ya tatu usiku siwashi jiko, nakula vibichi tu. Mbona tumbo linajaa gesi?

#1 Binti Temboni
Wakuu, habari za jioni.

Nakaa Kimara, kazi yangu iko Posta. Natoka saa 11 jioni, lakini mpaka nifike kwangu na kuvua viatu ni saa 2 usiku. Mwisho wa mwezi uliopita mtungi uliisha nikiwa katikati ya kupika. Nikasema sijazi kwanza, usiku nitakula vitu visivyohitaji moto. Leo ni wiki ya tatu na sitamani kurudi kwenye kusubiri maharage yaive saa 4 usiku.

Mlo wangu mkuu ni huu: kabichi robo, naikata nyembamba kama uzi. Karoti moja naiparuza. Parachichi nusu naliponda kwa uma na ndimu, chumvi na pilipili mbuzi kidogo mpaka liwe zito kama rojo, halafu natumbukiza kabichi na karoti humo na kuchanganya kwa mkono, maana kijiko hakifiki kila mahali. Juu namwaga karanga za kukaanga zilizotwangwa. Dakika 10 nimemaliza, na chombo cha kuosha ni bakuli moja. Siku nyingine nakata papai, namwagia tui zito na unga wa ubuyu. Asubuhi ni ndizi mbivu mbili na embe likiwepo.

Ngozi nzuri, usingizi mzuri, pesa inabaki. Shida ni moja: nakula saa 2 na nusu, ikifika saa 4 tumbo limekaza kama ngoma na gesi haina mfano. Kazini wananiambia mwili haujazoea. Jirani anasema ni minyoo. Nani yuko sahihi? Na wenye milo mingine ya haraka isiyopikwa naomba mnigawie.

Nawasilisha.

#2 Kinu na Mchi
Kabichi hiyo dada, usitafute mchawi. Kabichi mbichi ina sukari ambayo tumbo letu haliwezi kuivunja, inakwenda kuvunjwa na bakteria huko chini, na wao ndio wanaotoa gesi. Fanya hivi: ukishaikata, nyunyizia chumvi, uifinye kwa mikono kama unafua leso, dakika mbili tatu. Itatoa maji na kulainika. Mwaga maji, ndipo utie hilo parachichi lako. Nusu ya tatizo itaisha.

#3 Mtoto wa Gerezani
Dada umegeuka sungura 😂 Ila parachichi na kabichi nimeipenda, leo leo najaribu.

#4 Chekecheke
Kabla ya kabichi tuanze na usafi. Hizo mboga unaosha na nini? Kwa vyakula vibichi Dar hii, kazi yote iko kwenye kuosha. Aliyepika anasaidiwa na moto, wewe huna wa kukusaidia.

#5 Binti Temboni
@Chekecheke naloweka kwenye maji ya bomba na chumvi, dakika 10, kisha nasuuza.
@Kinu na Mchi asante, hiyo ya kufinya sikuijua.

#6 Nesi wa Zamu
Habari zenu. Hapo kwenye chumvi naomba niseme kitu, maana nimekaa wodini na jambo hili linaniuma.

Maji ya chumvi yanatoa wadudu wadogo waliojificha kwenye majani, basi. Hayaui mayai ya mchango. Mayai yale yana ganda gumu ajabu. Siki hayaisikii, na hata klorini ya kiasi cha kutibu maji hayaijali. Kinachosaidia ni kuyaondoa kwa nguvu: sugua chini ya maji yanayotiririka, jani moja moja, na kinachomenyeka kimenywe. Klorini ina kazi yake, inaua vimelea vya kipindupindu na taifodi. Walioishi hapa Agosti 2015 wanakumbuka kipindupindu kilivyoanza jijini na kusambaa mikoani. Matunda yaliyokatwa na kachumbari za barabarani zilipigwa vita wakati ule, na ilikuwa sawa.

Kwa hiyo Binti: mikono kwa sabuni kwanza, kisha mboga chini ya bomba, kisha loweka kwenye maji yenye dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya pakiti, mwisho suuza kwa maji ya kunywa. Maji ya bomba ghafi yasiwe ya mwisho kugusa chakula. Ubao wa kukatia nyama usikatie saladi.

Lakini gesi inayokuja kila siku muda uleule baada ya mlo, sidhani kama ni minyoo. Kama hujameza dawa ya minyoo muda mrefu, kapime choo, ujue moja.

#7 Dodo Bivu
Mimi nina jibu tofauti. Unakula matunda na vyakula vingine pamoja. Tunda linaliwa tumbo likiwa tupu. Ukilishusha juu ya chakula kingine linakwama, linachacha, ndiyo hiyo gesi. Nilipoacha kula tikiti baada ya wali, tumbo langu likatulia kabisa. Huu ni mwaka wa pili.

#8 Nesi wa Zamu
@Dodo Bivu nakuheshimu, na kama umepata nafuu endelea. Ila kuchacha tumboni hapana. Asidi ya tumboni ni kali mno, hakuna chachu inayostawi mle ndani ya saa mbili. Tikiti lina sukari ya tunda nyingi, na wapo watu ambao matumbo yao hayainyonyi vizuri. Huenda wewe ni mmoja wao, hata ungelila peke yake.

#9 Dodo Bivu
Peke yake nalila nusu zima na halinifanyi kitu. Elezea hilo.

#10 Mchuuzi wa Mabibo
Wakuu mimi mboga na matunda ndiyo riziki yangu, ngoja niwape ya sokoni.

Kabichi, karoti na hoho nyingi tunazouza zinashuka kutoka Lushoto na Iringa. Parachichi zuri ni la Njombe na Rungwe, nanasi ni la Kiwangwa, chungwa ni Muheza. Hizo zina vumbi la safari na mikono mingi, lakini hazina shida kubwa. Kabichi vua majani mawili matatu ya juu utupe, ya ndani yako safi.

Mchicha, matembele na saladi ndiyo mwulize muuzaji zimetoka wapi. Nyingi zinalimwa humuhumu mjini kwa sababu zinanyauka haraka, na baadhi ya bustani ziko mabondeni, huko kandokando ya Msimbazi, na maji ya mto ule mnayajua. Mboga ya namna hiyo ipike. Usiifanyie saladi hata uioshe mara kumi. Nasema hivi nikiwa nauza, na nyumbani kwangu ndiyo sheria.

#11 Chekecheke
Mchuuzi Mungu akubariki kwa ukweli huo.

#12 Kijana wa Msimbazi Street
Mnaongea kana kwamba kula vibichi kumeletwa jana. Kariakoo tumekulia mihogo mibichi, nazi na karanga mbichi. Yule jamaa wa sinia anakaa pembeni ya barabara, mhogo anaukwangua ganda la nje, la ndani la rangi ya waridi analifumua lote kwa ncha ya kisu kama anamvua mtu shati, anaukata vidole vidole, anakupa na chembe ya nazi. Unatafuna mhogo unatoa maziwa, nazi inafuatia. Jero tu umeshiba mpaka jioni. Na faida zake wenye ndoa wanazijua.

Dada jaribu hiyo. Haihitaji hata bakuli.

#13 Mwalimu wa Sayansi Kimu
Msimfanyie hivyo binti wa watu. Mhogo mbichi una kemikali ambayo ukiutafuna inazalisha sumu ya sianidi. Mwaka 1985 kule Tarime watu walipooza miguu kwa sababu ya mihogo, ugonjwa unaitwa konzo. Hauponi.

#14 Kijana wa Msimbazi Street
Ningekuwa nimepooza tangu darasa la tatu.

#15 Babu Shamba Mkuranga
Nyote wawili mna nusu nusu. Mwalimu, Tarime ni kweli, lakini wale walikula unga wa mhogo mchungu uliosindikwa harakaharaka wakati wa shida ya chakula, siku nyingi mfululizo, bila kitoweo cha maana. Mhogo mchungu unataka kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri, njaa haikuwapa nafasi hiyo. Ule wa sinia ni mhogo mtamu, sumu yake ni ndogo na nyingi iko kwenye ganda.

Lakini kijana, wewe unamwamini muuzaji kwamba kachimba mtamu. Mimi shambani naonja ncha kwanza. Ukiwa mchungu ulimini, tema, usibishane nao. Na mtoto mdogo usimpe kabisa.

#16 Mwalimu wa Sayansi Kimu
Nakubali sahihisho la Babu kuhusu unga. Ila sibadilishi ushauri: kwangu mhogo unachemshwa.

#17 Mama Nuru
Jamani mmeniachia dada wa watu na gesi yake 😀

Binti, mchana unakula nini?

#18 Binti Temboni
Mchana nakula kwa mama ntilie jirani na ofisi, mama Mngoni mmoja anapika vizuri sana. Wali maharage na mchicha, siku nyingi. Saa 7.

#19 Mama Nuru
Umejijibu. Kutoka saa 7 mchana mpaka saa 4 usiku ni saa 9. Maharage ndiyo yanafika huko chini kwenye bakteria muda huo. Kabichi yako ya saa 2 na nusu bado iko njiani, imesingiziwa.

#20 Kinu na Mchi
Duh. Hii sikuifikiria. Lakini mbona zamani alikuwa anakula maharage yaleyale mchana na hakuvimba?

#21 Nesi wa Zamu
Mama Nuru ana hoja. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao unashtuka na kusukuma kilichokuwemo. Kwa hiyo mlo wa usiku unaweza kuamsha gesi ya mchana. Lakini na Kinu ana hoja: nyuzinyuzi zimeongezeka ghafla mchana na usiku, bakteria wamepata karamu mbili. Kwa watu wengi inapungua mwili ukizoea.

#22 Fundi Jokofu
Mimi nasema anakula harakaharaka. Mtu ametoka kwenye foleni, ana njaa, kabichi mbichi inataka kutafunwa kweli. Ukimeza vipande na hewa unavimba. Weka simu pembeni, tafuna.

#23 Binti Temboni
@Fundi Jokofu simu kweli huwa iko mkononi.

#24 Mpenda Choroko
Nami nichangie mlo. Choroko za kuotesha. Zioshe, ondoa zilizovunjika, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, zifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwenye chujio, suuza asubuhi na jioni. Kwa joto hili la Dar siku ya pili zimetoa mikia ya urefu wa kucha. Changanya na nyanya, kitunguu, ndimu, nazi iliyokunwa kwa mbuzi na giligilani. Zina utamu wa kitu kilicho hai, zinalia krachu krachu mdomoni. Mume wangu aliyekuwa hataki kusikia habari ya majani anamaliza bakuli.

#25 Nesi wa Zamu
Tamu kweli, lakini hapo ndipo naogopa zaidi. Joto na unyevu unaootesha choroko unaotesha na bakteria. Mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa mlipuko wa bakteria wa E. koli uliofuatiliwa mpaka kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa, mbegu zenyewe zilitoka Misri. Mjamzito, mtoto, mzee, mtu mwenye kinga dhaifu, azichemshe kwanza.

#26 Mpenda Choroko
Sikujua hilo, asante. Nina mama mkwe wa miaka 74 nyumbani. Za kwake nitazichemsha.

#27 Mkaanga Samaki Feri
Na samaki je? Kuna mgeni nilimuuzia nguru, akanielekeza: unakata vipande vidogo, unafunika kwa ndimu nusu saa, inageuka nyeupe kama imepikwa, unatia kitunguu na pilipili. Nilionja, nikakubali. Watu wa Peru ndio msosi wao wanasema.

#28 Nesi wa Zamu
Ndimu inageuza rangi tu, minyoo ya samaki haiuwi. Wanaotaka kula hivyo kwa usalama wanagandisha samaki kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kwanza.

#29 Fundi Jokofu
Na friji nyingi ninazotengeneza mitaani hazifiki huko, raba za mlango zimechoka. Bado umeme haujakatika. Mkaanga, endelea kukaanga.

#30 Msomaji wa Usiku
Nimefuata uzi kimya tangu juzi. Hiki mnachofanya kina historia ndefu. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, Uswisi, zaidi ya miaka 100 iliyopita aliwapa wagonjwa wake tufaha lililoparuzwa na ganda lake, kijiko cha oti zilizolowekwa usiku, limao, maziwa mazito ya kopo na lozi juu. Ndiyo ile musli ya maboksi, ila yake ilikuwa tunda zaidi kuliko nafaka. Huku unaweza kuweka embe au ndizi badala ya tufaha.

Siku hizi wapo wasiogusa kabisa kitu kilichopita nyuzi 48 hivi za joto. Kwa hao korosho "mbichi" za dukani si mbichi: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo hupitishwa kwenye moto au mvuke ndipo zibanguliwe. Binti, kwa kipimo hicho hata karanga zako za kukaanga zinakutoa.

Na tahadhari kwa dada zetu. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, mwaka 1999 walichapisha habari za watu waliokula vibichi kwa sehemu kubwa kwa miaka. Walipungua uzito sana, na karibu asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi zao zilivurugika au kukoma. Nusu kibichi nusu kilichopikwa sina neno nayo.

#31 Mama Nuru
Asante Msomaji. Binti, usiache wali wa mama Mngoni.

#32 Binti Temboni
Siachi 🙏 Na karanga zitabaki za kukaanga, kipimo cha nyuzi 48 sikihitaji. Nilichotaka ni kula kabla sijasinzia.

#33 Babu Shamba Mkuranga
Karanga hizo kabla hujazitwanga zichambue moja moja kwenye sinia. Iliyokunjamana, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, ile ilikuwa kwenye mahindi, lakini karanga nazo inazipenda, na kukaanga hakuimalizi. Usinunue iliyokwisha twangwa.

#34 Mtoto wa Gerezani
Swali la pembeni. Tango: mama yangu anakata ncha, anaisugua kwenye kidonda cha tango mpaka litoke povu jeupe, anasema anatoa uchungu. Kweli?

#35 Kinu na Mchi
Kweli kabisa, lile povu ndilo uchungu wenyewe.

#36 Mwalimu wa Sayansi Kimu
Uchungu upo zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Ukikata ncha umeshaupunguza. Povu ni utomvu tu.

#37 Mchuuzi wa Mabibo
Tango lililokosa maji shambani linakuwa chungu, usugue usisugue. Onja kipande cha kikonyo kabla hujalitia kwenye bakuli.

#38 Mama Nuru
Mimi nasugua na nitaendelea kusugua. Mama yangu alisugua.

#39 Binti Temboni
Wakuu nimerudi na majibu ya siku 5.

Siku mbili za kwanza niliacha maharage, nikala wali na samaki mchana, usiku kabichi ya kufinya. Gesi ilikuwepo kidogo siku ya kwanza, ya pili hakuna. Siku ya tatu nilirudi kwenye maharage, usiku nikala tango, nyanya, parachichi na nazi, bila kabichi. Hakuna. Jana maharage na kabichi ya kufinya pamoja, nikatafuna taratibu, simu nimeichaji chumba kingine: kidogo sana. Leo papai na tui peke yake, na mchana sikula maharage, ajabu tumbo limejaa.

#40 Dodo Bivu
PAPAI. Tunda na mafuta ya tui. Nilisema #7.

#41 Nesi wa Zamu
Tui lilikuwa la lini?

#42 Binti Temboni
La jana asubuhi. Umeme ulikatika saa sita mchana ukarudi jioni.

#43 Fundi Jokofu
Ooh.

#44 Chekecheke
Dada umebadilisha kabichi, maharage, simu na tui katika siku 5. Badilisha kimoja kimoja, tutajuaje?

#45 Mama Nuru
Tui lisilalie tena. Nazi moja unaweza kukuna nusu na kuacha nusu kwenye kifuu, chukua mbuzi usiku huohuo, dakika 5. Ukikosa mbuzi nina mbili, niko Mbezi Luis, pita Jumamosi.

#46 Binti Temboni
Nakuja mama. Nikuletee nini?

#47 Mama Nuru
Lete kabichi. Nataka nikuone unavyoifinya.